Wazazi na Mtoto Anayeingia Ujanani: Kumshika Namna Gani, Kumwachia Namna Gani

Wakristu wa Kibati wanapomjia padri juu ya mambo ya nyumbani, neno moja hurudi mara kwa mara: "Baba Padri, mtoto huyu hatusikii tena." Mtoto mwenyewe ana miaka kumi na mitatu au kumi na minne. Mwaka jana alikuwa akimfuata mama yake sokoni. Leo akiulizwa ametoka wapi hujibu "hapo tu", kisha hunyamaza. Ukimwita pembeni yeye mwenyewe, utasikia neno lingine: "Hawaniamini." Malalamiko haya mawili hutoka katika nyumba moja, na mara nyingi yote mawili ni ya kweli. Ndiyo maana padri au katekista anayesikiliza upande mmoja tu, akatoa shauri papo hapo, huweza kuharibu pale alipotaka kutengeneza.

Watu wengi huiona shida hii kama kamba ya mbuzi. Wakali husema: fupisha kamba. Wapole husema: irefushe. Na mwenye busara hudhaniwa kuwa yule aliyepata urefu wa katikati. Twaona kwamba hesabu hiyo ina kosa tangu mwanzo. Ukaribu wa wazazi na uhuru wa mtoto havigombanii kamba moja, hata kimoja kikiongezeka kingine kipungue. Mtoto huenda mbali vizuri akijua ana pa kurudi. Lililo lazima kubadilika katika umri huu ni aina ya ukaribu, na nyumba nyingi huumia kwa sababu zinashika aina ile ile iliyomfaa mtoto wa miaka sita.

Tuseme kidogo juu ya umri wenyewe. Mwili hutangulia: sauti ya mvulana huvunjika, msichana huvunja ungo, nguo za Noeli hazifiki Paska. Akili hufuata polepole. Wataalamu waliochunguza ubongo wa binadamu wanatuambia kwamba sehemu yake ya mbele, ambayo kazi yake ni kupima matokeo ya jambo na kuzuia pupa, haimalizi kukomaa mpaka mtu akaribie miaka 25. Lakini ile hamu ya kitu kipya, ya hatari na ya sifa mbele ya wenzake, huamka mapema sana. Basi kijana wa miaka 14 aweza kutoa hoja safi kabisa akiwa peke yake na baba yake, na jioni ile ile, mbele ya rafiki wanne, akatenda upumbavu ambao yeye mwenyewe hawezi kuueleza. Huo si unafiki. Muungamishi asiyejua hayo ataita dhambi kile kilicho uchanga, na siku nyingine ataita uchanga kile kilicho dhambi kweli.

Sasa tuangalie nyumba za Kibati. Kijiji kiko katika teritwari ya Nyiragongo, usheferi wa Bukumu, kaskazini mwa Goma kwa barabara ya Rutshuru, chini ya mlima wa moto wenyewe. Hapo ndipo njia ya kuupanda inapoanzia. Katika mwaka 2008, wakati wa vita vya CNDP, makambi ya wakimbizi yalijaa hapo. Katika mwaka 2013 vilima vyake vikawa uwanja wa mapigano kati ya jeshi na M23. Tangu 2022 vita vilirudi, na maelfu ya watu walikimbilia Kanyaruchinya. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 iliuteka mji wa Goma, na mwezi uliofuata makambi yaliyouzunguka yalivunjwa. Watu wakarudi kwenye mashamba yao, wengine wakikuta nyumba haina mabati wala mlango. Na mlima nao haukulala: ulipasuka tarehe 10 Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002, na tarehe 22 Mei 2021.

Nayataja haya kwa sababu malezi hayafanyiki hewani. Katika siku zile za Mei 2021 watu walikimbia, wengine kuelekea Sake, wengine kuvuka mpaka wa Rwanda, na UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walitengana na jamaa zao. Mama aliyetembea njiani akiita jina la mwanawe hatakubali upesi mtoto yule alale kwa rafiki. Akimwuliza mara tano kwa siku yuko wapi, tusimcheke wala tusimwambie kwamba anamdekeza. Hofu yake ina tarehe.

Tena kuna jambo la kulala. Katika vijiji vyetu vingi vya zamani, mvulana alipofikia umri huu alipewa kibanda kidogo uani, au alikwenda kulala kwa babu pamoja na vijana wenzake. Zilikuwa hatua kumi tu toka mlango wa mama, lakini zilisema neno ambalo baba hakuhitaji kulisema kwa kinywa: sasa wewe ni mtu, nasi tungali hapa. Kambini, chini ya shitingi moja, walilala baba, mama, mvulana wa miaka 15, dada yake wa miaka 13, na wadogo. Wengi waliorudi bado wanakaa hivyo, kwa kuwa mbao na mabati ni ghali. Msichana hana mahali pa kubadili nguo. Wazazi hawana mahali pa kuzungumza mambo yao. Na kila mmoja, kwa aibu, hujifunza kunyamaza.

Lakini mvulana huyo anayelala miguuni pa mama yake usiku, mchana ni mtu mzima. Anasukuma chukudu yenye mashu na viazi toka Kibumba, anabeba makala, anachota maji kwa bidoni, kwani juu ya mawe ya volkano maji ni taabu. Jioni analeta franga. Baba aliyepoteza mbuzi na shamba hana kitu cha kuleta, naye anakula chakula kilichonunuliwa na mwanawe. Atamwamuru namna gani? Baadhi ya akina baba hunyamaza kabisa na kumwachia mtoto nyumba. Wengine, ili waonekane bado ni wakubwa, huongeza kelele na fimbo. Hayo mawili yana mzizi mmoja, nao ni haya.

Hivi ndivyo nyumba inavyogeuzwa kichwa chini. Miili imekaribiana kupita ilivyofaa, na maneno yametengana. Miguu ya mtoto imekuwa huru kabla ya wakati, na akili yake haijapata mshauri. Makundi yenye silaha yanaujua udhaifu huu. Wavulana wengine huchukuliwa kwa nguvu, na juu ya hao tusiwaulize wazazi habari za malezi. Itakuwa ni kuwaongezea msiba. Lakini wako pia wanaokwenda kwa miguu yao, kwa kuwa kule hupewa kazi yenye sifa na mkubwa anayewaita kwa jina.

Basi ukaribu wa aina gani wamfaa kijana huyu? Kwa mtoto mdogo, mzazi hulinda kwa macho: anamwona, basi ana amani. Kwa kijana, macho hayatoshi tena, kwa sababu barabara ya Goma ni ndefu kuliko macho ya mtu. Hapo yahitajiwa masikio. Mwaka 2000 wachunguzi wawili nchini Sweden, Håkan Stattin na Margaret Kerr, walitoa kazi yao juu ya watoto 703 wa miaka 14 pamoja na wazazi wao. Waliuliza swali jepesi: wazazi wanaojua habari za watoto wao, wanazipata wapi? Ilidhaniwa kwamba wanazipata kwa kupeleleza na kwa kuweka sheria za kutoka. Kumbe, zaidi ya yote, wanazipata kwa sababu mtoto mwenyewe husimulia kwa hiari. Na watoto waliojiona wamebanwa mno hawakuwa bora kwa ajili ya hayo. Sweden si Kibati, ni kweli. Lakini mtu aulize wakristu wake walijuaje mambo ya vijana wao, ataona kwamba habari za kupeleleza mara nyingi hufika baada ya msiba, na habari za kusimuliwa hufika kabla.

Mtoto husimulia kwa nani? Kwa yule ambaye safari iliyopita hakumpiga kwa ajili ya kweli aliyosema. Sioni njia nyingine. Msichana akimwambia mama yake, "Mwalimu fulani ananiandikia maneno kwenye telefone," na jibu la kwanza likawa, "Wewe ulimfanya nini?", mama huyo amefunga mlango kwa miaka mingi.

Mfano mwingine ni wa karibu nasi zaidi. Mwaka 1954 na 1955 bibi mmoja mtaalamu, Mary Ainsworth, alikuwa katika vijiji karibu na Kampala, akitazama mama 26 wa Kiganda na watoto wao wachanga. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto mwenye matumaini kwa mama yake hakushikamana naye saa zote. Alitambaa kwenda kuona vitu, akageuka kumtazama, akarudi, akaenda tena. Usalama ndio uliompa ujasiri wa kwenda. Kijana naye anatambaa, ila kwa miguu mirefu, na kurudi kwake hakuonekani: hurudi saa nne usiku, anasimama karibu na jiko, anauliza kama kuna chakula. Mama anayejua kazi yake atampa chakula kwanza na swali baadaye.

Hapa tuonyane juu ya vitabu tunavyosoma seminarini. Vingi vimeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambao kwao kijana aliyekomaa ni yule aliyehama nyumbani na hahitaji mtu. Çiğdem Kağıtçıbaşı, mwanamke wa Uturuki aliyefundisha elimu ya nafsi na kufariki mwaka 2017, aliwapinga kwa sababu nzuri. Alionyesha kwamba wamechanganya mambo mawili: kujiamulia, na kujitenga. Mtu aweza kujiamulia akiwa amefungamana na watu wake, na aweza kujitenga bila kuwa na uamuzi wake hata mmoja. Padri anayerudi kijijini na kuwafundisha wazazi kwamba mtoto mzuri ni yule asiyewahitaji, amewaletea mzigo usio wao. Vivyo hivyo anayewaambia kwamba mtoto mzuri ni yule asiye na neno lake.

Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya pili, yatosha kutufundisha, tukiisoma polepole. Yezu ana miaka kumi na miwili. Maria na Yosefu wanatembea mwendo wa siku nzima bila kumwona, nao hawana wasiwasi: walidhani yuko katika msafara, kati ya ndugu na jamaa. Wahubiri wengi huruka jambo hili upesi, kana kwamba ni uzembe. Mimi naona ni malezi. Wazazi hao walimwamini mtoto, na waliwaamini jamaa. Asipoonekana jioni, hawasemi "atarudi akichoka"; wanageuka na kumtafuta hata siku ya tatu. Wakimpata, Mama anamwuliza kwa nini amewatenda hivyo, na anasema wazi kwamba yeye na baba yake wameumia. Neno lake la kwanza ni swali na uchungu, wala hapana fimbo. Mtoto anajibu kwamba ana wajibu kwa Baba mwingine, na Luka anaandika bila kuficha: hawakumwelewa. Kisha anashuka nao Nazareti na kuwatii, na Mama anayaweka hayo yote moyoni. Mzazi ambaye hamwelewi mtoto wake kwa siku moja au mwezi mmoja asidhani kwamba nyumba imekwisha. Hata katika nyumba ile ilitokea.

Marehemu Papa Fransisko, katika barua Amoris laetitia ya mwaka 2016, anawaomba wazazi wajue zaidi ya mahali ulipo mwili wa mtoto: roho yake iko wapi, anaamini nini, anataka kufika wapi. Shauri hilo lawafaa sana watu wa Kibati, ambao mara nyingi hawawezi kabisa kujua mwili uko wapi.

Lakini wazazi hutuuliza mambo ya kutenda, nao wana haki. Wengi wanaelewa vizuri tukiwapa mfano wa chukudu. Hakuna baba anayempa mwanawe chukudu iliyojaa siku ya kwanza na kumwambia ateremke Goma. Kwanza mtoto husukuma kwa nyuma. Kisha hushika usukani kwenye tambarare, baba akitembea kando. Kisha huteremka na mzigo mdogo. Mzigo mzima huja baadaye. Na kwenye mteremko kazi kubwa si kusukuma, ni kujua kufunga breki. Uhuru wa kijana utolewe hivyo: kwa sehemu, kwa mambo yanayotajwa, na kila sehemu iangaliwe kabla ya kutoa nyingine.

Tuchukue feza, kwa kuwa ndizo zinazoleta magomvi mengi. Kijana ameleta franga za chukudu. Baba akizichukua zote, kijana ataanza kuficha, na uongo utaingia kwa mlango wa feza na kuenea vyumba vyote. Baba akimwachia zote, atakuwa mpangaji katika nyumba ya wazazi wake. Inafaa wakae pamoja, na mama awepo, waseme: hiki ni cha chakula, hiki ni cha minervali, hiki ni chako, nasi hatutakuuliza ulinunua nini. Sehemu hiyo ya tatu iwe ndogo, lakini iwe yake kweli. Akiipoteza kwa upuuzi, amejifunza kwa bei nafuu. Tena baba amshukuru mbele ya wadogo. Baba anayeshukuru hapungukiwi na ukubwa. Ni yule anayepora anayepungukiwa.

Telefone ifuate kanuni ile ile, na saa za kurudi pia. Saa ya kurudi isemwe pamoja na sababu yake, maana katika eneo letu sababu zipo, na kijana ana akili ya kuzisikia. Katika mambo ya hatari, kama silaha, pombe kali, njia za usiku, baba asijadiliane. Katika mambo ya nywele, wimbo na rangi ya viatu, aokoe nguvu zake.

Juu ya fimbo nitasema machache. Wazee hutuletea methali: samaki mkunje angali mbichi. Methali yasema kweli, lakini haisemi samaki hubaki mbichi muda gani. Huyu wa miaka 15 amekwisha kuanikwa. Ukimkunja kwa nguvu, atavunjika au atakuchoma mkono.

Kwa wasichana, mambo huenda kinyume. Mvulana huachiwa mno, msichana hubanwa mno. Hofu ya wazazi kwa binti si ndoto. Vita vimewatenda wanawake wa Kivu maovu yanayojulikana ulimwengu mzima. Lakini kumfungia msichana asiende masomo, wala shirika, wala kwaya, hakumpi ulinzi. Kunamwacha asijue kusema "hapana" kwa sauti yake. Na liko kosa kubwa zaidi: kumwoza mapema ili wazazi wapumzike na wasiwasi. Sheria ya nchi ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamhesabu kuwa mtoto kila asiyetimiza miaka 18, na Sheria ya Jamaa iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016 yadai miaka 18 kwa ndoa, kwa mvulana na kwa msichana. Katekista anayeandikisha wachumba asikubali umri uliokadiriwa kwa macho.

Zamani msichana alikuwa na shangazi. Mambo ambayo binti haoni haya kuyasema mbele ya shangazi, mbele ya mama huona haya. Na shangazi alijua lipi apeleke kwa wazazi na lipi abaki nalo. Hiyo ilikuwa hekima kubwa, kwani kijana aliweza kuwa mbali kidogo na wazazi bila kutoka katika jamaa. Leo shangazi yuko Uganda kambini, au amekufa, au nauli haipatikani. Hapa ndipo Eklezia ina kazi. Wazazi wa ubatizo na wa kipaimara wasichaguliwe kwa ajili ya nguo watakayoleta. Wachaguliwe watu wanaokaa karibu, wenye masikio. Wakubwa wa shirika wajue majina ya vijana wote wa shirika lao, hata wale wasiokuja kusali. Chama cha Xaveri, alichokianzisha Padri Georges Defour huko Bukavu mwaka 1952, kilielewa mapema kwamba kijana huhitaji kundi lenye wakubwa wake na kazi zake, nje ya nyumba lakini si mbali na altare. Mahali kilipolala, kiamshwe.

Padri naye asigeuke polisi wa wazazi. Mama fulani atakuja kuuliza kwa upole, "Baba Padri, mwanangu anaungama vizuri?" Kanuni ya 983 haina mlango wa nyuma. Hata nje ya kitubio, neno ambalo kijana amelitoa kwa siri lisirudi nyumbani kwake kwa kinywa chetu, ila kama uhai wake au wa mwingine uko hatarini. Na hapo tumwambie yeye kwanza kwamba tutalisema. Mara nyingi itafaa zaidi kumsindikiza aliseme mwenyewe, sisi tukikaa kimya kando yake.

Haya yote yamhusu pia mwana wa seminari ndogo. Tunampokea akiwa na miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, yaani katika umri huu huu, na wazazi wengine hudhani kwamba tangu siku hiyo amekuwa mali ya mapadri. Sivyo. Kanuni ya 1136 yasema kwamba kumlea mtoto ni wajibu mzito na haki ya kwanza ya wazazi, wala haiwatoi wazazi wa mseminari. Mkubwa wa seminari awapashe habari, asiwaite tu siku ya kulipa au siku ya kufukuza. Kijana anayeona kwamba wito wake si huu aweze kumwambia baba yake bila kuogopa kwamba nyumba nzima itamwona mwizi wa heshima yao. Likizo kubwa ikianza, padri wa parokia asimpe kitanda katika nyumba ya mapadri ila kwa sababu ya kweli, kwa mfano barabara imefungwa au kwao hakuna paa. Alale kwao, achukue bidoni pamoja na dada zake, na baba yake aendelee kumtuma.